Neno Lisiloonekana

Kaka yangu, ambaye nyumbani tunamwita Mtaalamu, ndiye aliyetuletea balaa la Linux. Alikuja likizo, akaikuta kompyuta ya baba inajikokota, akafuta kila kitu na kuweka hiyo programu ya kuendeshea mashine badala ya ile ya zamani. "Ya bure, na haina virusi," akasema, kisha akaenda zake.

Hatukujali mpaka mama alipofanyiwa upasuaji wa koo na kurudi bila sauti. Sisi alituandikia kwenye simu, tukasoma. Lakini bibi, mama yake mzazi, alikuwa kipofu, anaugulia mbali, na wawili hao walikuwa hawasemezani tangu mama aliposhindwa kwenda kumzika babu. Nilimpigia bibi nikamweleza habari ya koo. Akadhani ni kisingizio kingine. "Mimi sitaki tarishi," akanikata kauli. "Akitaka radhi, aniombe mwenyewe."

Mtaalamu akatuambia ipo programu inayosoma kwa sauti chochote unachoandika. "Rahisi mno, baba. Fungua lile dirisha jeusi, bandika mstari niliokutumia, weka neno la siri, basi."

Basi! Baba ni fundi bomba. Maisha yake yote akifungua koki, maji yanatoka au hayatoki, na yote mawili huonekana. Akabandika mstari. Mashine ikadai neno la siri. Akabonyeza herufi ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, kimya. Hata kinyota hakikutokea.

"Kibodi imekufa," akasema. Akaliandika tena lote, kwa nguvu, kama anayegonga mlango, akamalizia na kitufe kikubwa. Jibu likaja kwa Kiingereza: samahani, jaribu tena. Nilipandwa na hasira. Katika ukoo wetu mzima, mashine peke yake ndiyo iliyoomba samahani bila kushurutishwa.

Akanunua kibodi nyingine, akagonga na kurudia vilevile. Samahani, jaribu tena. Mtaalamu hapokei simu, yuko kazini. Huku mjomba, anayemuuguza bibi, anatuma ujumbe kwamba mgonjwa hali tena chakula. Mama aliketi pembeni, mikono mapajani, akimtazama mumewe anavyohangaika, na moyo uliniuma mpaka nikatoka nje.

Mtaalamu alipopiga hatimaye, alicheka. "Aah, hilo! Neno la siri halionekani ukiliandika, baba. Linaingia, ila hulioni. Nilisahau tu kuwaambia." Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Programu ikaingia. Mama akachapa: Mama, ni mimi. Nisamehe. Ikatoka sauti ya mwanamume, ya Kizungu, inayotafuna maneno: "Mama, nai mimai. Nisamihi." Sauti ya Kiswahili, kumbe, iko kwenye kifurushi kingine cha programu cha kupakua, na hicho nacho kilidai kifurushi cha tatu, ambacho mashine ilisema haikijui.

Tukiwa hapo mjomba akapiga. Kama mna la kusema, semeni sasa hivi. Tukaiweka simu karibu na spika.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Mama anataka kusema nawe, kwa kompyuta."

Mama akabonyeza. Mashine ikasema yake. Upande wa pili ikaja sauti ndogo ya bibi.

"Nani huyo mwanamume?"

"Ni mama, bibi. Anasema umsamehe."

"Sikukuuliza wewe. Nilisema sitaki tarishi, sasa mmenitafutia na mzungu." Akamwambia mjomba amwondolee simu sikioni.

Hakuamka asubuhi. Tulimzika, na safari hii mama alikwenda.

Tuliporudi, baba aliendelea kupambana na vile vifurushi. Nadhani hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Mchana mmoja vikakubali. Ili kujaribu, akachapa neno alilokuwa amelizoea, bila kuangalia nani yuko nyuma yake. Mama alikuwa anapita na nguo za kufua.

"Nisamehe," mashine ikasema, kwa sauti ya mwanamke, Kiswahili safi, kila silabi mahali pake.

Mama akasimama. Akaziweka nguo sakafuni, akaenda mpaka ukutani, akachomoa waya. Baba akabaki na vidole juu ya kibodi.

"Nilikuwa najaribu tu, mke wangu," akasema.