Ukuta wa Runazi

Tangu kiharusi kimpige mzee Bernardo mwezi wa tatu, bintiye Eustakia ndiye aliyeshika kampuni yao ya ujenzi. Mzee aliianza pale Nyamiaga akiwa na mwiko na baiskeli. Sasa familia ilikuwa na lori la Canter, mafundi kumi na wawili, na nyumba walizojenga kuanzia Ngara hadi Biharamulo. Lakini mzee mwenyewe alikuwa hatamki neno. Alishinda barazani, mkono wa kulia uliopooza umelala pajani, na jioni Eustakia alimsimulia kazi zinavyokwenda. Habari mbaya alimficha.

Siku moja alishindwa. Alikuwa amekaa naye, simu kaiweka spika ili mzee naye asikie, akiongea na mdogo wake Rogasian, aliyekuwa Runazi akimjengea mteja wao Ng'washi nyumba. Ukuta wa nyuma, alikiri, ulikuwa umepinda.

"Plasta itaficha," Rogasian alisema.

"Roga! Baba angeubomoa."

"Baba hayupo, dada."

Eustakia akaikata simu, lakini neno lilikwisha kusikika. Mzee alishika fimbo, akajikokota hadi kwenye Canter, akaugonga mlango.

"Baba, Runazi ni mbali. Utachoka."

Akagonga tena.

Walipofika, Rogasian aliacha mwiko ukaanguka. "Shikamoo, baba," alisema kwa sauti ndogo. Mzee hakuweza kuitikia. Alimwekea kiganja cha kushoto shavuni, akakiacha hapo kidogo, kisha akaenda ukutani. Akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake. Mafundi waliacha kazi. Ng'washi, mwenye nyumba, naye akavua kofia.

Mzee akausukuma mstari wa juu wa matofali. Tofali moja likaanguka nje.

Hakuna aliyemwambia Rogasian la kufanya. Alichukua nyundo mwenyewe, akabomoa hadi usawa wa goti, machozi yakimchuruzika kwenye vumbi.

"Nilikuwa naharakisha," alimwambia Eustakia bila kugeuka. "Nilitaka baba akipona akute imeisha."

Eustakia alimtazama baba yao. Miezi yote hiyo yeye alikuwa amemfungia mzee barazani kama kikombe cha udongo kisivunjike, na Rogasian huku, kwa upendo uleule, alikuwa akijenga ukuta uliopinda.

Mzee aliinama, akaokota tofali kwa mkono wa kushoto. Likamponyoka. Rogasian akaja nyuma yake, akamshikisha mwiko katika mkono uliolala, akaufunika kwa wake, wakatandika udongo pamoja. Alipotaka kuweka tofali, mzee akamzuia.

"Kamba," alisema.

"Umesemaje, baba?"

"Kamba!"

Fundi mmoja alicheka kwa furaha. Rogasian alikimbia kuileta kamba ya kunyooshea ukuta, akaivuta kutoka pembe hadi pembe, Ng'washi akimshikia ncha moja.

Ukuta ulisimama upya baada ya siku tatu. Tangu hapo kila Alhamisi mzee alipanda Canter kwenda kazini, na maneno yakawa yanarudi moja moja, yote ya kazini: maji, tofali, ongeza, bado. Jina la bintiye lilikuja mwezi wa tisa, asubuhi, alipokuwa akipelekewa uji.

"Estaka," alisema.

Eustakia hakumsahihisha. Aliketi chini karibu na miguu yake, akamwomba aliseme tena.