Nyuzi Kumi na Mbili

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na watu wananiheshimu kwa hilo. Waniheshimu tu, sikatai. Lakini hesabu ninayoijua kuliko zote ni ya watu wawili kati ya sitini, na natamani siku ile ningeikosea kama mjinga mwingine yeyote.

Ilikuwa mwaka 1977, kidato cha nne, Kasulu. Kwetu ni Kibondo, kwa hiyo mimi nilikaa bwenini. Rafiki yangu Uwimana alitembea kila siku kutoka Heru Juu, alikoishi na shangazi yake, mama Esteri. Jina lake halikumshtua mtu, maana hata sisi Waha tunayo ya namna hiyo. Na Kiha chake kama kilikuwa na neno moja moja lililopinda, nani alijali? Hata sisi wa Kibondo watu wa Kasulu walitucheka. Kila Jumapili nilikwenda kula kwa mama Esteri ugali wa muhogo na maharage. Alinisalimu kwa kupiga makofi, kama anavyosalimiwa mtu mzima, nami nikavimba kichwa.

Kitu kimoja kiliniuma. Uwimana alinishinda hesabu. Si sana, alama tano, alama sita, lakini kila mtihani. Darasa zima lilijua, na wavulana walinitania kwamba mimi ni namba mbili wa kudumu. Nilicheka nao huku moyo unawaka.

Mwalimu Mkuu Makarius, ndiye aliyetufundisha Siasa, akatutuma wawili wawili twende kwenye nyumba kumi na kuandika kila mtu: jina, umri, kazi, mahali alipozaliwa. Karatasi hizo zingekwenda kwenye somo la hesabu, ili Mwalimu Hilali atufundishe kuwagawa watu katika vipande vya duara. Mimi na Uwimana tukapewa nyumba kumi za kwao.

Tulipofika kwa mama Esteri, Uwimana alikwenda kisimani. Nami, kwa kiherehere changu, sikumsubiri. Nikafungua daftari nikamuuliza shangazi kila mmoja wao amezaliwa wapi. Mama Esteri akanitazama kidogo. Kisha akaniambia, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumbani, kwamba yeye na Uwimana walivuka mpaka mwaka 1972, wakapitia Nyabibuye kwa miguu, na waliobaki nyuma hawakuwaona tena. Balozi Kipriani, kiongozi wa zile nyumba kumi, ndiye aliyewapa kiwanja na kuwaandikisha kama ndugu zake. Nikayaandika yote. Mama wa watu aliniona ninaandika, na hakunizuia, maana mtu uliyemlisha chakula chako humwogopi.

Uwimana hakuwahi kuniambia. Miaka minne rafiki yangu, na hakuniambia! Hilo nalo lilinichoma, nisiseme uongo.

Kwenye somo la hesabu, Uwimana ndiye aliyesimama ubaoni kuchora la kwetu. Akaandika wenyeji sitini, wageni hakuna, akazungusha bikari. Duara likatoka zima, bila mstari hata mmoja. Wavulana wakaangua kicheko, mmoja akasema hiyo ni chapati. Mwalimu Hilali akatikisa kichwa na kusema mchoro usio na kipande hauna cha kutufundisha, atatupa nusu ya alama.

Nusu! Mimi, Winifrida, nipewe nusu! Nikasimama.

"Mwalimu, kuna kosa. Wawili wametoka Burundi."

Nikaenda ubaoni, nikamnyang'anya chaki mkononi, nikapima nyuzi kumi na mbili na kukata kipande. Mwalimu Hilali akasema safi sana. Uwimana alirudi kwenye dawati lake akakaa. Hakunitazama. Nilidhani amenuna kwa sababu, kwa mara ya kwanza, nimemshinda.

Mchoro wetu ukachaguliwa kwa maonyesho ya Saba Saba, pamoja na orodha yetu ya majina, kwa mwandiko wangu mzuri. Wiki iliyofuata maonyesho akaja shuleni afisa mmoja wa serikali aliyeiona orodha ile. Hakuwa mtu mkali. Alisema tu kwamba wakimbizi wana makazi yao waliyotengewa, huko upande wa Tabora, na walioandikwa vibaya ni lazima wapelekwe. Nikaitwa ofisini. Uwimana alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono nyuma.

Mwalimu Makarius akaweka orodha mbele yangu. Akasema kwa sauti ya taratibu kwamba wanafunzi mara nyingi hukosea wanapoandika haraka, na si aibu.

"Winifrida, una uhakika na hesabu hii?"

"Nina uhakika, mwalimu."

Akauliza tena, safari hii akanitazama machoni, huku afisa akisubiri na kalamu yake. Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa mzee yule ananiomba nini. Na mimi nilielewa. Hapo ndipo roho yangu inaponisuta mpaka leo: nilielewa. Lakini nilikuwa nimepata alama zote, nimepigiwa makofi, na Uwimana alikuwa pale ananisikia. Sikutaka kusema mbele yake kwamba nimekosea.

"Nina uhakika," nikasema. "Nilimwuliza shangazi yake mwenyewe."

Lori liliwachukua Alhamisi. Balozi Kipriani naye akavuliwa ubalozi. Nilikimbia mpaka Heru Juu, sijui kwenda kusema nini. Mama Esteri alikuwa ameshapanda juu ya mizigo, na aliponiona akapiga makofi, akanisalimu vilevile kama siku zote. Uwimana akainama kutoka juu ya lori.

"Ungesema hujui," akaniambia. "Basi. Ungesema tu hujui."

Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Hesabu nikawa wa kwanza shuleni, na nani angenishinda? Mdomo huponza kichwa, wanasema wazee, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, na changu kikavishwa taji. Nimeandika barua huko Tabora, nimeuliza kwa mapadri, nimeuliza kwa madereva wa malori. Sikupata jibu.

Tulipomaliza, Mwalimu Makarius alitujazia vyeti vya kuacha shule kwa mkono wake. Tangu siku ile ofisini hakuwa amesema nami neno. Wenzangu waliandikiwa mistari miwili, mitatu: mchapakazi, mtiifu, anapenda michezo. Mimi, kwenye nafasi ya tabia, aliniandikia neno moja: mkweli.

Nimekionyesha cheti hicho kila nilipoomba kazi. Wakubwa hulisoma neno lile, wakanisifu, nami nikawashukuru.