Ukanda wa Meno Machache

Fimbo ya mume wangu iligonga sakafu, nami nikazima mashine ya msumeno wa ukanda kabla haijakata hata unywele. Tangu kiharusi kimnyang'anye mkono wa kulia na karibu maneno yake yote, alikuwa akishinda kwenye kiti kando ya ukuta wa karakana, na fimbo ndiyo iliyofoka kwa niaba yake. Niliipa jina la Msimamizi. Pigo moja maana yake acha, na kila mara nimeacha. Pigo la kusema endelea hatukuwa tumelitunga.

"Hata kaka ameona," alisema shemeji yangu, akijifuta jasho ambalo halikutokana na kazi yoyote. "Shemeji, chuma kinene hivi unakifungia ukanda wenye meno yaliyoachana namna hii? Mtoto wa darasa la kwanza ana meno mengi kuliko msumeno wako!"

"Na bado sahani yake hurudi tupu," nikamjibu.

Alicheka, lakini hakusogea. Gari lake la mizigo lilikuwa mlangoni, limeingia kinyumenyume, tayari kupakia. Ndugu hao wawili walishakubaliana, mimi nikiwa palepale kama stuli: nikikiharibu kile chuma, msumeno unahamia kwake. Kilikuwa cha kutengenezea mhimili wa pampu ya maji ya mtaa mzima, na mwenye pampu alikuwa amehangaika sana kukipata. Kando yake lilikuwapo bomba jembamba la pampu hiyohiyo, likisubiri zamu.

Mume wangu alikuwa na ukanda mmoja aliouamini kupita mkewe, wenye meno ya wastani. Aliutumia kwa kila kitu. Chuma kikiwa kinene, alikibembeleza tangu asubuhi, ukanda ukilia na kufuka moshi, naye akikilaani chuma. Mimi nilikuwa nikifagia. Nilifagia unga wa chuma ulioungua, nikabandua mwingine ulioganda katikati ya meno mpaka yakakosa nafasi ya kuuma. Chuma kinene hutoa makombo mengi, na makombo yanataka pa kukaa. Bomba jembamba ndilo la kutafutiwa meno madogo yaliyosongamana, yapokezane, maana ukuta wake mwembamba ukiingia kwenye pengo huyang'oa. Hayo nilifundishwa na ufagio, na haukuwa mwalimu mpole.

Nilimgeukia mume wangu. Macho yake yalikuwa kwenye ukanda wake wa zamani, ukutani.

"Bwana mkubwa, nimekusikia," nikasema. "Leo nakata."

Nikawasha. Ukanda ulikuwa mpya, kwa hiyo sikuukandamiza. Niliuacha uonje kwanza, kama mgeni mezani. Maji ya kupozea yakatiririka. Kwa pembe ya jicho niliiona fimbo ikiinuka, nami nikalisubiri pigo. Halafu mlio ukatulia, mzito, wa kwenda sawasawa, kama mkoromo wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Makombo yakaanza kudondoka, mazito, yamejikunja kama nywele za kipilipili. Nikaongeza nguvu kidogo. Kama Msimamizi alikuwa bado hewani, sijui, sikutazama tena.

Kipande kilipoanguka, shemeji alikipapasa pande zote akitafuta kosa, akalikosa.

"Bahati hiyo," akasema.

"Gari lako limeziba mlango, shemeji. Wateja wapite dirishani?"

"Subiri kwanza." Alilichukua lile bomba, akaligonga kwa ukucha, likalia kama kengele. "Na hili? Hili utalitafuna na mapengo yako?"

Niliulegeza ukanda, nikautoa, nikanyoosha mkono kwenye msumari wa ukutani kuchukua ule wa meno madogo kabisa.

Ncha ya fimbo ilikuwa imeshatangulia kwenye msumari uleule, imeuinua ukanda nusu.