Waliopotea Wako Saluni

Mtafiti wa chuo kikuu aliingia saluni kwangu na orodha ya wagonjwa arobaini na mmoja walioacha dawa za virusi vya ukimwi. Haikuwa na majina, namba tu. Wote ni wanawake wanaouza miili, alisema, na kliniki imewaandika kuwa wamepotea.

"Kumi na saba ni mimi," akasema mdogo wangu, kichwa chake mikononi mwangu, nusu kimesukwa. "Nimepotelea wapi, dada?"

Nikafungua kabati la rasta. Mikebe ya dawa ilijipanga humo, kila mmoja na namba yake. Nesi wa dirisha la dawa pale kliniki aliwahi kuwatangaza wanawake hawa na kazi yao mbele ya foleni nzima, wakaapa hawamrudii. Tangu hapo mmoja huwachukulia wenzake dawa mlango wa nyuma, kwa mfamasia, ila daftari la mahudhurio liko dirishani. Kila jioni wanameza hapa, nikiwakodolea macho. Anayeruka siku simsuki.

Mtafiti akakaa chini. "Mwisho wa mwezi mganga mkuu anaufunga mlango huo. Ripoti yangu ndiyo iliyomshauri, kwa kuwa dawa zinatoka bila kuandikwa."

Nilitamani kumchapa kwa kitana. Mlango ungefungwa, mdogo wangu asingeenda dirishani hata kwa kuburutwa. Ningemzika.

"Ifute," nikamwambia.

"Kwa maneno matupu hawatanisikiliza, dada. Nahitaji damu yao, niipime."

"Kesho jioni watakuwa wamekaa hapa wote. Njoo na sindano zako."

Akaja. Walitolewa damu chini ya madraya, wakitaniana nani atazimia.

Majibu yalipotoka alinialika kwenye kikao cha kliniki, akasimama kabla mganga mkuu hajamaliza salamu. "Nilikosea. Nilihesabu waliofika dirishani, sikuhesabu waliomeza. Thelathini na tisa kati yao, virusi havionekani kwenye damu. Foleni yenu haijawahi kufika hapo."

"Anawasimamia nani?" mganga mkuu akauliza.

"Msusi," akasema, akinionyesha. Nilikuwa nimeshika karatasi ya kumi na saba: havionekani. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa dawa zinaletwa saluni, na daftari lake. Wiki ya kwanza alizileta yule nesi wa dirishani. Akaweka boksi, akaangalia kazi ya mikono yangu, akaomba nimsuke. Wanawake kumi waligeuka kumtazama.

Nikamwonyesha kiti cha mwisho. "Karibu, mama. Hapa tunafuata foleni, na hatutangazi mtu."