Kikohozi cha Benchi la Pili

Kanisani kwetu wimbo haukuanza kwa kinanda wala kengele. Ulianza kwa kikohozi cha baba. Msomaji akishafunga Biblia, watu walitulia kwenye mabenchi wakisubiri. Baba, kwenye benchi la pili, alikohoa mara moja, akainuka, akatoa ile sauti yake nzito, na kanisa zima likamdandia. Hakuna aliyepanga hivyo. Mazoea yakishakaa hayaombi ruhusa.

Baba alipofariki, mama aliacha kwenda ibadani. Alisema miguu inamuuma, ingawa miguu hiyohiyo ilimpeleka sokoni na kumrudisha. Nilijua ni ule ukimya kabla ya wimbo ndio uliomshinda. Nami kanisa bila mama lilinipwaya kama gauni la kuazima. Nilimtaka arudi, basi.

Mchungaji mpya akaja na kinanda. "Tunaanza upya," alisema, akamweka muuguzi wa zahanati akipige. Jumapili ya kwanza somo likaisha, muuguzi akabonyeza noti yake vizuri kabisa. Tukamtazama. Akabonyeza tena. Hakuna aliyeinuka. Mchungaji akatabasamu kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Ndipo fundi cherehani akakohoa. Mwalimu mstaafu, asiyekubali kushindwa na fundi hata kwa mvi, akakohoa zaidi. Kutoka nyuma akajibu muuza mkaa, ambaye yeye angalau alikuwa na sababu. Punde kanisa likawa wodi.

"Vumbi hilo," alisema mchungaji, akaagiza madirisha yafunguliwe.

"Fundi, hicho si kikohozi, unakwaruza koo tu," muuguzi akaita kutoka kwenye kinanda. "Mwalimu, wewe njoo zahanati kesho."

"Mimi mzima," alijibu mwalimu. "Naanzisha wimbo."

"Umeanzisha, halafu yuko wapi anayeimba?" fundi akamuuliza.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama anapiga pasi mashati ya baba, ya kuwagawia wajomba. Nikamsimulia yote nikitumaini atacheka. Aliweka pasi pembeni.

"Kwa hiyo wanagombea kikohozi cha mume wangu."

"Bila hicho hawajui pa kuanzia, mama."

"Mwanangu, baba yako alikuwa analala."

"Analala wapi?"

"Palepale kanisani. Somo likianza tu, huyo, kashaondoka. Likiisha namchoma kiwiko mbavuni, anashtuka, anakohoa kuficha aibu, anaimba. Ndoa yetu yote. Nyinyi mkasema ana karama."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mama naye akaanza, akajifuta macho kwa mkono wa shati alilokuwa amelinyoosha, ikabidi alinyooshe tena.

"Basi muda wote aliyekuwa anaanzisha ni wewe," nikamwambia. "Si urudi?"

"Nirudi nikachome nini, benchi?"

Nilimkunjia mashati yaliyobaki, tukaenda kulala.

Jumapili iliyofuata alijifunga kilemba, tukatoka pamoja. Tulipofika benchi la pili alisimama kidogo, akagusa mahali pa baba kwa vidole, akapita. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kinanda.

"Sogea, mwanangu," alimwambia muuguzi, akaketi ubavuni pake.

Mchungaji akanitazama. Nikatazama dari.

Somo likaisha. Fundi akavuta pumzi. Mwalimu akajiweka sawa. Kabla yao, mama akampiga muuguzi kiwiko. Muuguzi akaruka, vidole vikaangukia noti ambazo hakuna wimbo duniani uliowahi kuzihitaji, na watu wakainuka kwa mshtuko, wakaimba. Waliimba vizuri, hata muuza mkaa.

Tangu hapo ndivyo tunavyoanza. Mchungaji huwaeleza wageni kwamba kinanda ndicho kilichotuamsha, na mama hamsahihishi. Muuguzi huja na sweta nene hata siku za joto.

Mimi nimehamia mahali pa baba. Mbao pale zimebonyea kidogo, zinanikaa vizuri. Somo likiwa refu nausikia usingizi wake ukininyemelea, na nikifumbua jicho moja, namwona mama ananitazama kutoka kwenye kinanda, kiwiko tayari.