Mfalme wa Kwenye Daftari

Marhoon alikuwa na miezi mitatu tu katika kazi ya ukalimani bandarini Matrah, jirani na Maskati. Alikimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, na sasa, mwaka wa sitini na saba, mkewe na binti zake wawili walikuwa bado Dubai wakingoja kibali cha kuingia Maskati. Kibali hicho kilikuwa mikononi mwa mkaguzi Yaarub, mzee mwembamba asiyejua hata neno moja la Kiswahili.

Asubuhi hiyo Yaarub alikuwa amefungua sanduku la Bi Kheiria, mwalimu kutoka Unguja aliyeshuka melini muda huo huo. Nguo hazikumshughulisha. Alitoa daftari la jalada gumu, akamsukumia Marhoon.

"Soma, unigeuzie Kiarabu."

Kurasa za mwanzo zilikuwa zimerowa maji ya bahari, wino umevuja, hazisomeki. Marhoon alianzia palipobaki: *Mfalme ametawala miaka mingi. Nchi ina amani, lakini amani ya wakubwa. Wamejenga majumba wakayapamba kwa pembe za ndovu. Mkulima mdogo ananyang'anywa shamba, na akienda kushtaki, kadhi keshapewa chake.*

Akatafsiri. Sultani wa Maskati naye alikuwa ametawala miaka mingi, na watu walikuwa wamefungwa kwa maneno machache kuliko hayo.

"Mfalme gani huyu?" Yaarub aliuliza.

Marhoon akamgeuzia Bi Kheiria swali lile.

"Mwambie ni mfalme wa Bani Israil, Yeroboamu," alijibu. "Hili somo la historia, nikiwafundisha wasichana wangu. Manabii wa Kiyahudi walihubiri nini, na hali ya nchi yao ilikuwaje walipohubiri. Hayo yana miaka elfu mbili na mia saba."

"Mbona sikulisikia jina lake?" Yaarub aliuliza.

"Liko kwenye kurasa zilizorowa."

Yaarub alizitazama zile kurasa zilizogandana. "Rahisi kusema. Endelea."

Marhoon akausoma kwanza kimoyomoyo mstari uliofuata. *Kutoka nchi ya kusini akaja mjini mchunga kondoo, hakuitwa na mtu, akasema mbele ya watu kuwa ukoo wa mfalme utakwisha kwa upanga.*

Kusini! Vita vya Dhofar, vya waasi wa kusini dhidi ya Sultani, vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, na neno kusini watu walilinong'ona tu.

"Mchunga kondoo mmoja," alitafsiri, "aliingia mjini akawausia watu wamche Mungu."

Kidole cha Yaarub kikaupita mstari polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Kiswahili kirefu hivi, Kiarabu chake kifupi? Bakhit yuko ghalani, naye alizaliwa Unguja. Nimwite aje asome?"

Bi Kheiria hakujua yaliyosemwa, lakini aliuona uso wa Marhoon.

"Kaka," alimwambia kwa upole, "soma kama ilivyo. Ukinificha utaangamia wewe, na mimi sitopona."

Akasoma upya, neno kwa neno. Nje, meli ikapiga honi ya kwanza. Ambaye angekataliwa angerudishwa humo.

"Kusini," alisema Yaarub. "Huyo mchunga kondoo alifanywa nini?"

"Mkuu wa hekalu alimpelekea mfalme habari zake," Bi Kheiria alieleza, Marhoon akigeuza. "Kisha akamfukuza, arudi kwao akahubiri huko."

"Na mfalme?"

"Alikufa. Baada yake haikupita miaka thelathini, jeshi la Ashuru likauteka mji mkuu, watu wakahamishwa."

Yaarub aliweka kiganja juu ya daftari. Jasho lilikuwa limemtoka na yeye.

"Nikilipeleka hili juu," alisema hatimaye, kama anayejiambia mwenyewe, "nitaulizwa kwa nini nililisikiliza mpaka mwisho."

Akachana daftari vipande viwili, akavitia kwenye jiko la kahawa. Bi Kheiria alifumba macho. Kisha Yaarub akaigonga muhuri karatasi ya Bi Kheiria ya kuingia.

"Apite. Na wewe, Marhoon, umenidanganya. Kesho usije."

Nje, Bi Kheiria alimshika mkono. "Nimekuponza, kaka."

"Hukuniponza, mwalimu. Nilidhani nikiufupisha mstari nitakuokoa."

Bi Kheiria alihamia kijiji cha Sidab, akafundisha watoto wa kike ndani ya nyumba yake, milango imefungwa, kwani shule za wasichana hazikuruhusiwa. Marhoon alibeba magunia sokoni. Kila alipopeleka ombi la familia yake, lilirudi bila jibu.

Mkewe na binti zake waliingia mwaka wa sabini, Sultani alipoondolewa na nchi ikafunguliwa. Marhoon alisimama ufukweni akiwatafuta wasichana wawili wadogo, na binti yake mkubwa, aliyekwisha kumpita mama yake kwa urefu, ilibidi amwite mara mbili.