Ushahidi wa Mkamwana

Kwa miaka ishirini mama yangu, Tupokigwe, alichota maji peke yake. Wanawake wa kijijini kwetu Rungwe walingoja aondoke mtoni ndipo nao washuke. Walisema mwaka 1937 alikwenda boma akatoa ushahidi kwamba baba mkwe wake, Mzee Mwandemele, ndiye aliyechoma nyumba ya baraza. Babu alifungwa Iringa, akafia hukohuko. Mama aliapa kwamba hakusema neno. Alikaa boma siku mbili amenyamaza, wakambandika kidole gumba kwenye karatasi, wakamwachia. Nani angemwamini, wakati karani wa boma alikwishasoma hukumu hadharani? Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi, nilimuuliza kwa nini alimuuza babu. Aliendelea kumenya ndizi.

Karani huyo aliitwa Eliezeri, mtu aliyekulia bweni la misheni huko Iringa. Mwaka uleule alipandishwa cheo. Baadaye akawa karani mkuu Mbeya na mwenyekiti wa kamati ya chuo cha ualimu, mwenye kofia nzuri na tumbo la kutosha. Nilimchukia tangu utotoni, kwa kuwa ndiye aliyeisoma hukumu ile.

Ndiyo maana nilipofika Makerere nilichagua historia. Wenzangu walidhani napenda wafalme wa Uingereza. Wapi! Nilitaka kibali cha kufungua majalada. Mwaka wa mwisho profesa akaniandikia barua, na likizo yangu yote ikaishia kwenye stoo ya serikali Iringa, nikipiga chafya. Wino ulikatazwa, nikanakili kwa penseli. Siku ya tisa nikalipata jalada la kesi ya babu. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na alama ya kidole cha mama, imekolea upande mmoja, na chini yake jina la Eliezeri.

Nilisoma, nikacheka, kisha nikalia kwa hasira. Kumshtaki Eliezeri kwa wakubwa wake kungekuwa kazi bure, wangelipoteza jalada na mimi pamoja nalo. Tena sikutaka afukuzwe kimyakimya. Nilitaka aaibike mbele ya watu, kama mama alivyoaibika.

Mwaka 1957 nikaajiriwa katika chuo chake, kuwafunza walimu wanafunzi namna ya kufundisha historia. Nikamwalika mwenyekiti aje aone mtindo mpya. Alikuja, akaketi nyuma, kofia magotini.

"Hapa hatukariri miaka," niliwaambia wanafunzi. "Karatasi tunaihoji kama shahidi. Nani kaandika? Alijua nini, na nini hakukijua?"

Nikaandika ubaoni:

*Mimi ni mke wa mtoto wa Mwandemele. Jioni ile Mwandemele alinikuta jikoni, tukala pamoja. Mwandemele akasema, nimelichoma baraza. Nikamjibu, umefanya vibaya, Mwandemele.*

"Maneno haya yanasemekana ni ya mwanamke wa Kinyakyusa. Mnaonaje?"

Wale wa Rungwe waliangua kicheko. Lusia, mmoja wao aliyekwisha kuolewa, alisimama.

"Samahani, Mwalimu, huyu si mtu wa kwetu. Mkamwana ale na mkwewe? Akimwona njiani anajificha porini! Na jina lake halitaji. Mimi huu mwaka wa sita nimeolewa, la mkwe wangu halijanitoka hata ndotoni."

"Basi nani kayasema?"

"Hakuna aliyesema," alijibu Saulo, mwanafunzi aliyeketi dirishani. "Aliyeandika katunga mwenyewe, na mila zetu hazijui."

Nilitembea hadi nyuma, nikampa Eliezeri nakala yangu. Nilikuwa na furaha mbaya, na siionei haya.

"Bwana Mwenyekiti, chini pale kuna jina la karani. Tusomee, tafadhali."

Aliisoma ile karatasi hadi chini, kwenye jina lake mwenyewe.

"Mwalimu, tulikuwa na kesi nyingi," alisema. "Yule mama alikataa kabisa kusema. Nami sikujua... sikujua kwamba huwa hawawataji."

Darasa zima lilimsikia. Hakuna aliyecheka tena. Lusia alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akakaa akimpa mgongo. Eliezeri akatoka, kofia akaisahau chini ya dawati, nami sikumwita.

Nusu ya wanafunzi walikuwa wa Rungwe, kwa hiyo habari ilinitangulia kijijini. Jumamosi niliposhuka kwenye basi nilimkuta mama mtoni katikati ya wanawake wenzake, mmoja akimshikia mtungi. Nilimweleza yote, kifua mbele, hadi ile kofia.

"Sasa wote wanajua, Mama. Karatasi imeonyesha kwamba hukusema."

Alinitazama.

"Nilikuambia sikusema."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuambia ukiwa mdogo. Wewe ukangoja karatasi."

Mama akajitwika mtungi, akapanda kilima na wenzake wakizungumza. Mimi nikabaki mtoni peke yangu.